Kwa nini watembea misitu wapende bastola nyepesi yenye risasi kubwa, hali ya kuwa inawaumiza mkono?

#1 Mtembeza_Ngezi

Assalaam alaykum, wanaukumbi. Kazi yangu ni kutembeza wageni katika msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza kwa miguu chini ya mivule ile, nikiwa na fimbo, chupa ya maji na kisu kidogo cha kukatia kamba.

Mwezi uliopita nilimtembeza mgeni wa makamo kutoka Alaska. Tulipokaa kupumzika alijipapasa kiunoni, akaniambia kwamba kila anapoingia msituni bila bastola yake huhisi kuna kitu amekisahau nyumbani. Nikamuuliza ni bastola gani. Akanieleza kuwa ni rivolva, yaani bastola yenye silinda ya duara inayozunguka na kubeba risasi 6, iliyotengenezwa na Smith & Wesson na kuitwa 329PD. Hutumia risasi ya .44 Magnum, nayo ikiwa tupu ina uzito wa kiasi cha gramu 710, wakati bastola za chuma za risasi hiyo hiyo huwa na kilo moja na robo hivi.

Lililonishangaza ni alilosema baadaye. Aliniambia kuwa hapendi kuipiga, kwa sababu inamuumiza kiganja na kifundo cha mkono, na kwa mwaka mzima huipiga mara chache tu ili asiisahau. Hata hivyo haiachi nyumbani hata siku moja. Swali langu ndilo hilo: mtu anakipendaje chombo ambacho hapendi kukitumia? Siulizi mahali pa kununulia wala simhimizi mtu kumiliki silaha, kwani kwetu jambo hilo lina kibali cha polisi na lina wenyewe. Nataka kuelewa mvuto wake.

#2 Kijana_wa_Darajani

Jawabu ni jina. Ukisema "Magnum" watu hugeuka kukutazama. Risasi ya milimita 44 si jambo dogo, na mwenye nayo anataka ijulikane kuwa anayo.

#3 Askari_Mstaafu

Mwanangu wa Darajani, chombo cha milimita 44 hakikai kiunoni. Hicho kingewekwa pale Forodhani pamoja na mizinga ya zamani, watoto wakakipanda. Namba 44 ni sehemu za mia za inchi. Nayo yenyewe si kamili, kwa sababu ukiipima risasi hiyo utapata inchi 0.429, yaani milimita 10.9 hivi. Jina limerithiwa kutoka risasi za karne ya 19, ambazo kipenyo chake kilipimwa kwa njia nyingine, na watengenezaji hawakuona haja ya kulibadilisha.

Kabla hatujafika mbali, tuweke historia mahali pake. Kulikuwa na risasi ya .44 Special tangu mwanzoni mwa karne ya 20, risasi ya wastani na yenye shabaha nzuri. Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho huko Marekani, alitumia miaka mingi kuishindilia baruti zaidi ya kipimo na kuwashawishi wenye viwanda waitengeneze rasmi kwa nguvu hiyo. Mwaka 1955 Remington na Smith & Wesson wakakubali, ikazaliwa .44 Magnum, ikiwa na ganda refu kidogo kuliko la mama yake ili isije ikaingia katika bastola dhaifu za zamani na kuzipasua. Bastola ya kwanza ya risasi hiyo ilikuwa pande la chuma, na uzito ule haukuwa kosa la fundi. Uliwekwa makusudi, mkono upate kuivumilia. Ile 329PD ilikuja mwaka 2003, karibu nusu karne baadaye, ikauondoa uzito ambao wa mwanzo waliutaka. Kwa hiyo swali la mtembeza wageni ni swali zito, na jina peke yake halilijibu.

#4 MwalimuWete

Nasomesha fizikia skuli ya sekondari, naomba niweke hesabu ili tujue tunazungumzia maumivu ya kiasi gani.

Risasi ya kawaida ya .44 Magnum ina uzito wa gramu 15.5, na ikitoka katika mtutu wa inchi 4 huwa na mwendo wa mita 390 kwa sekunde hivi. Zidisha uzito (kwa kilo) kwa mwendo, utapata msukumo wa kama 6. Bastola nayo lazima irudi nyuma kwa msukumo huo huo. Ikiwa ni ya chuma, kilo 1.25, hurudi kwa mwendo wa mita 4.8 kwa sekunde. Ikiwa ni ile nyepesi, kilo 0.71, hurudi kwa mita 8.5. Lakini kiganja kinapokea nishati, na nishati hukua kwa mraba wa mwendo: ya kwanza hutoa juli 14 na kitu, ya pili juli 26 hivi. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile, lakini teke limekaribia mara mbili kwa sababu tu tumepunguza chuma. Hakuna ufundi wa kulikwepa hilo, labda mpira laini kwenye mpini, ambao hulitandaza teke lakini haulipunguzi.

#5 Bint_Karafuu

Ahsante, mwalimu, hesabu imeeleweka. Mimi nitasema ya miguu, kwa kuwa naona hapa mikono imepewa nafasi yote.

Sisi wachumaji karafuu wa upande wa Mkoani hutoka kambini alfajiri na kurudi magharibi. Asubuhi pakacha tupu, ngoe na kamba huwezi kuvihisi. Saa nane mchana kila kitu kilichofungwa mwilini kina sauti yake. Nimemwona mama mmoja akiikata ncha ya kamba yake kwa sababu ilikuwa ndefu kupita haja, na hakuwa akifanya mzaha. Mtu atembeaye kutwa hupima mzigo kwa saa anazoubeba, na hiyo nguvu ya kukitumia chombo huja mbali sana baadaye. Bastola ya mgeni huyo hubebwa saa 10 kwa siku, siku 200 kwa mwaka, na kupigwa kwa haja ya kweli labda sekunde 2 katika umri mzima, au isipigwe kabisa. Nani atakubali kilo moja na robo imning'inie kiunoni miaka yote hiyo kwa ajili ya sekunde 2? Mimi nisingekubali. Ningechagua nyepesi na mkono uumie siku hiyo moja.

#6 Fundi_Chuma

Naongeza upande wa madini, maana watu wengi hudhani chombo chepesi ni plastiki.

Kiunzi cha bastola hiyo ni aloi ya alumini iliyotiwa skandi kidogo sana, haifiki hata sehemu moja kwa mia. Skandi iligunduliwa mwaka 1879 na ikakaa miaka mingi bila kazi ya maana, mpaka Wasovieti walipoitumia katika aloi za ndege zao za kivita. Tone hilo dogo huzifanya chembe za alumini ziwe ndogo zaidi inapopoa, na nguvu yake hupanda sana bila ya uzito kuongezeka. Silinda ni ya titani. Kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma kina gramu 7.8, titani gramu 4.5 na alumini gramu 2.7, hapo ndipo nusu kilo ilipokwendea. Mtutu umebaki chuma cha pua, kwani ndani yake hupita msuguano ambao alumini haiuwezi.

Wepesi huo una gharama. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na kila risasi ikipigwa moto hutoka hapo kama mwali wa kuchomelea. Chuma huvumilia, alumini huliwa, kwa hiyo wametia kibati kidogo cha chuma juu ya mwanya ule ili kikinge kiunzi. Silinda ya titani nayo haipendi kusuguliwa kwa vitu vikali, kwa sababu ukiutoa utando wake wa juu madini huanza kulika. Mtu aliyezoea kusugua bunduki kwa msasa ataiharibu hii kwa usafi wake. Naipenda kazi hii kama fundi, nasema kweli. Ni chombo kilichofikiriwa kila kona.

#7 Askari_Mstaafu

Mwalimu, hesabu yako ni nzuri ila ina tundu mbili. Umezihesabu bastola zikiwa tupu, na bastola tupu haipigi. Risasi 6 za .44 Magnum pamoja na maganda yake zina uzito wa gramu 140 hivi. Ziongeze pande zote mbili. Pia umesahau baruti. Inayoungua ni gramu moja na nusu, na moshi wake hutoka mdomoni mwa mtutu kwa mwendo mkubwa kuliko wa risasi yenyewe, nao unasukuma nyuma.

#8 MwalimuWete

Nimekubali yote mawili, mzee wangu, na nashukuru. Uzito wa risasi unapunguza teke kidogo na moshi unaliongeza zaidi ya hapo, kwa hiyo namba zangu zilikuwa chini ya ukweli katika bastola zote mbili. Uwiano baina yao haujabadilika sana: nyepesi bado inapiga kwa zaidi ya mara moja na nusu ya nzito.

#9 MpembaWaAlaska

Salaam kutoka Anchorage. Asili yangu ni Micheweni, na huku nina miaka 9, nafanya kazi katika ghala la samaki. Nimeupokea uzi huu kutoka kwa ndugu yangu nikaona nisikae kimya.

Huku mtu hubeba silaha msituni kama nyinyi mnavyobeba mwavuli masika. Tangu mwaka 2003 sheria ya Alaska haimtaki mtu mzima wa miaka 21 awe na kibali cha kubeba bastola, na tangu Februari 22, 2010 hata ndani ya hifadhi za taifa za Marekani mtu huruhusiwa kuwa na silaha kwa kufuata sheria ya jimbo husika. Nadhani mabadiliko hayo yamechangia mvuto tunaouzungumzia, kwa sababu watembeaji ambao zamani waliiacha bastola ndani ya gari mpakani mwa hifadhi sasa huingia nayo, na wakishaingia nayo ndipo wanapoanza kulalamika juu ya uzito.

Anayeogopewa ni dubu wa kahawia, na pia yule mnyama mkubwa wa jamii ya paa aitwaye moose, hasa jike mwenye mtoto. Wavuvi wa mtoni ndio wenye haja kubwa zaidi. Wamesimama majini hadi mapajani, wamevaa suruali za mpira zinazofunika mkanda, mikono yote miwili ina kazi, na dubu naye amefuata samaki wale wale. Bunduki ndefu ya kilo 4 ataiweka wapi? Ataiegemeza kwenye mti, na baada ya robo saa mto utakuwa umemtenga nayo. Kwa hiyo huvaa bastola kifuani, katika ala yenye mikanda ya mabegani. Kitu cha kifuani kikiwa kizito huikata shingo. Hapo maneno ya Bint Karafuu yamesimama wima.

Sasa yangu mwenyewe. Mwenzangu kazini ana 329PD, na siku moja alinichukua kwenye uwanja wa kulengea shabaha akaniachia niipige. Risasi ya kwanza nilidhani mtu amenipiga kiganja kwa ubao. Ya pili nilifumba macho kabla haijatoka, na hilo ndilo jambo baya zaidi, kwa sababu anayefumba macho hajui anapiga nini. Ya tatu na ya nne sikumbuki zilikwenda wapi. Ya tano haikutoka kabisa: silinda iligoma kuzunguka. Tulipoifungua tukakuta risasi moja ambayo bado haijapigwa imejichomoa kutoka katika ganda lake na kuchomoza mbele, ikazuia kila kitu. Ngozi baina ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imepasuka. Mwenzangu akanipa risasi za .44 Special, ambazo huingia humo bila tatizo, na hizo nilizipiga kwa raha. Nikamuuliza ni zipi anazobeba mtoni. Akasema nusu ya marafiki zake hubeba Special nzito au Magnum zilizopunguzwa baruti. Maana yake wamenunua bastola ya Magnum kisha wakaishusha daraja wenyewe.

#10 Kijana_wa_Darajani

Nimepewa haki yangu! Kama wanabeba risasi ndogo ndani ya bastola ya jina kubwa, basi jina ndilo wanalolipenda.

#11 MwalimuWete

Kijana, usikimbilie kusherehekea. Mtu anaweza kutaka nafasi ya kuongeza nguvu siku akihitaji.

Nimevutiwa na ile risasi iliyojichomoa, kwa kuwa kila mkulima hapa anaijua sayansi yake bila kuiita kwa jina. Ukitaka kukaza jembe kwenye mpini, unaushika mpini wima, kichwa kikiwa juu, na kuugonga chini kwa kitako chake. Mpini unasimama ghafla, lakini chuma cha jembe kina ukaidi wa kuendelea na mwendo wake, kinashuka na kukaza. Katika bastola ni kitu hicho hicho kwa upande wa pili: bastola inarudi nyuma ghafla pamoja na maganda yote, na risasi zilizomo, kwa ukaidi huo huo, zinabaki pale zilipokuwa. Ganda linaikimbia risasi. Bastola ikiwa nyepesi hurudi kwa kasi zaidi, na risasi ambayo haikubanwa vizuri mdomoni mwa ganda huachwa nje. Kwa hiyo wepesi hauumizi mkono tu. Unaweza kukizima chombo chenyewe pale pale kinapohitajika.

#12 Msasi_wa_Kusini

Wanangu, nimesoma yote. Mimi ni msasi wa Makunduchi na nimesasa nguruwe mwitu tangu nikiwa kijana, kwa mbwa, nyavu na mikuki, na katika kikosi chetu huwa kuna mwenye bunduki ya marisau kwa kibali. Bastola sijawahi kuibeba. Lakini mnyama anayekuja juu yako ninamjua.

Nguruwe aliyejeruhiwa maweni hana tangazo. Unasikia kichaka, kisha yuko magotini. Nilichojifunza ni kwamba chombo kisichokuwa mkononi wakati ule hakipo. Mwenzetu mmoja alikuwa na mkuki mzuri, mzito, wa babu yake, na kwa uzito wake alimpa kijana amchukulie. Nguruwe alipotoka, kijana alikuwa hatua 20 nyuma. Yule mwenzetu hadi leo anachechemea. Mimi mkuki wangu niliufupisha mpini ili nisipate sababu ya kumpa mtu. Wasasi wenzangu walinisema sana, kwamba mkuki mfupi hauzuii na unamkaribisha mnyama, nao walikuwa na haki. Nikachagua niwe nao mkononi, ingawa si bora. Huyo mgeni wa Ngezi namfahamu kabisa, japokuwa hatujaonana.

#13 MwalimuWete

Mzee wangu, ukijaaliwa utuambie mkuki huo una uzito gani hivi sasa. Ningependa kuulinganisha na bastola hizi.

#14 Kijana_wa_Darajani

Babu, na zama za chui mlitembea na nini? Maana Unguja nayo ilikuwa na mnyama wake wa kuogopewa.

#15 Msasi_wa_Kusini

Chui nilimkuta katika simulizi za wakubwa zaidi kuliko kwa macho. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilipita kampeni ya kumsaka, na watu waliamini kuwa wengine walifugwa na wachawi, hivyo hawakuachwa. Wazee wetu walitembea na mbwa, mwenge na sauti. Walikuwa wakizungumza kwa nguvu njiani makusudi. Kelele haina uzito wowote, mwalimu asijisumbue kuipima.

#16 Muuguzi_Chake

Kwa kuwa kelele imetajwa: hakuna aliyezungumzia masikio. Mlio wa bastola ya Magnum yenye mtutu mfupi huvuka desibeli 160, na sikio huanza kuwa katika hatari ya kudhurika papo hapo kwenye 140. Uwanjani watu huvaa vizibo. Msituni hakuna avaaye, kwa sababu anataka kumsikia dubu. Kwa hiyo hata akiokoka, kuna uwezekano wa kuishi na mlio masikioni umri wake wote.

Nina maelezo yangu pia kuhusu mvuto, na sikuyaona juu. Katika kazi yangu nawaona watu wanaobeba dawa ya pumu miaka bila kuitumia, na siku wakiisahau hubanwa na kifua kwa kuisahau tu. Chombo kinatuliza kabla hakijafanya kazi. Mgeni alisema mwenyewe kwamba bila bastola huhisi amesahau kitu. Ikiwa kinachobebwa ni utulivu, basi kadiri kilivyo chepesi ndivyo kilivyo bora, na maumivu ya kuipiga hayaingii katika hesabu kwa sababu hatarajii kuipiga.

#17 MpembaWaAlaska

Dada muuguzi amesema jambo ambalo watu wa huku hubishana nalo kila siku, na kuna utafiti juu yake. Tom Smith na Stephen Herrero walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa matukio ya Alaska ya kati ya 1985 na 2006 ambapo watu walitumia kopo la pilipili ya kupuliza. Kwa dubu wa kahawia, pilipili ilisimamisha tabia mbaya kwa asilimia 92, na katika makabiliano ya karibu asilimia 98 ya waliokuwa nayo hawakuumia. Mwaka 2012 wao na wenzao wakatoa uchunguzi mwingine wa silaha za moto, matukio 269 ya tangu 1883 hadi 2009. Bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84, na bunduki ndefu kwa asilimia 76. Waliona pia kwamba walioitumia silaha waliyokuwa nayo na wasioitumia hawakutofautiana katika kujeruhiwa.

Mimi nabeba kopo la pilipili. Ni jepesi kuliko bastola yoyote, hufika mita 7 hadi 10, na halinidai shabaha ya msumari. Upepo ndio adui yake.

#18 Askari_Mstaafu

Hizo namba nazikubali, ila tahadhari na jinsi ya kuzisoma. Tafiti mbili zilikusanya matukio ya aina tofauti, na za silaha za moto zilihusu zaidi dubu mkali, hali pilipili nyingine zilipulizwa kwa dubu mdadisi tu. Asilimia 98 na asilimia 84 haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja kama karafuu na vikonyo. Tazama pia kwamba bastola ziliishinda bunduki ndefu, ambayo ina nguvu mara tatu yake. Risasi ya .44 Magnum katika mtutu mfupi hutoa juli 1,200 hivi, bunduki ndefu ya risasi ya .30-06 hutoa 3,800. Sababu haiwezi kuwa nguvu. Labda ni ukaribu, labda ni urahisi wa kuchomoa, labda matukio ya bastola yalikuwa machache mno kutoa hukumu.

Mvuto wa rivolva, kwa jicho la mtu aliyebeba silaha miaka 27, uko katika tabia yake. Ikiwa risasi moja ni mbovu, unavuta kifyatulio tena na nyingine inakuja. Bastola ya kujipakia yenyewe ikisukumwa mdomo wake kwenye mwili wa mnyama huweza kurudi nyuma kidogo na kukataa kupiga, na rivolva haina maradhi hayo. Lakini si lazima iwe ya .44. Kikosi cha Denmark kinachozunguka Greenland kwa sleji za mbwa, kiitwacho Sirius, hubeba bastola ya kujipakia iitwayo Glock 20, ya milimita 10, kwa ajili ya dubu wa barafuni: risasi 15, uzito wa tupu chini ya kilo moja, na teke ambalo mtu wa kawaida hulimudu. Watu wale huishi na dubu, na chaguo lao halikuwa rivolva nyepesi.

#19 Fundi_Chuma

Mzee Askari, baridi ya Greenland na vumbi la barafu ni jambo jingine, na jeshi hununua kwa mkupuo. Mtu binafsi hununua kile ambacho roho yake imekikubali. Ruger walitoa mwaka 2005 rivolva yao iitwayo Alaskan, mtutu wa inchi 2 na nusu, risasi ya .454 Casull iliyo kali kuliko .44 Magnum. Ni ya chuma kitupu, kilo moja na robo, nayo ina wapenzi wake. Kwa hiyo wapo waliosikia hesabu ya mwalimu wakakata mtutu wakaacha uzito, na wapo waliokata uzito wakaacha mtutu. Wote wanatembea njia moja.

#20 Bint_Karafuu

Nimeisoma tena #5 yangu baada ya kisa cha risasi iliyojichomoa, na sina uhakika kama zamani. Nilisema ningevumilia mkono uumie siku hiyo moja. Lakini ikiwa kuumia kwenyewe kunamzuia mtu kufanya mazoezi mwaka mzima, basi siku hiyo moja atakuwa mgeni wa chombo chake. Mchumaji hupanda mkarafuu kila siku, ndiyo maana mguu wake unajua tawi litakalovunjika. Huyu bwana anabeba kitu ambacho mkono wake haukijui. Hata hivyo bado nisingebeba ile ya kilo moja na robo. Nitaulaumu mwili, sitailaumu bastola.

#21 Mtembeza_Ngezi

Nashukuru nyote. Nilimwandikia mgeni nikamfupishia hoja zenu. Amejibu kwamba habari ya pumu imemgusa kuliko hesabu, na ya kujichomoa kwa risasi anaijua, ndiyo maana kila akipiga risasi 3 huitoa ile ya mwisho ambayo bado haijapigwa na kuipima urefu wake kwa rula ndogo anayoiweka mfukoni. Akaongeza kwamba marehemu baba yake alikuwa na ile ya chuma ya zamani, na wakati wa uzee wake alianza kuiacha nyumbani.

#22 MpembaWaAlaska

Hilo la rula hata mwenzangu hufanya. Nitamwambia kuwa ana mwenzake aliyefika Pemba.

#23 Msasi_wa_Kusini

Mwalimu, samahani kwa kuchelewa. Nimeupeleka mkuki dukani leo asubuhi, tukauweka kwenye mizani ya unga. Kilo moja na robo, pamoja na mpini, ambao ni wa mpera. Kabla sijaukata ulikuwa na zaidi ya kilo mbili kwa makisio yangu. Muuza duka aliniuliza kama nauuza.